Umepangiwa masjala na unaona umetupwa? Njoo tuongee kuhusu kazi ya Msaidizi wa Kumbukumbu

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za humu.

Jumapili jioni mpwa wangu alinipigia simu. Ameajiriwa. Cheo ni Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II, kapangiwa halmashauri moja ya kanda ya ziwa. Nilitegemea vigelegele, nikasikia mtoto anajikaza asilie. "Mjomba, wamenitupa masjala. Wenzangu wote wamepata ofisi, mimi nimeambiwa nitakaa chumba cha vumbi."

Masjala, kwa asiyeijua, ni chumba cha ofisi kinachopokea barua na kutunza majalada, yaani mafaili. Maneno hayo nimeyasikia kwa vijana wengi, na mwaka 2009 niliyasema mwenyewe. Nilikaa masjala miaka kumi, kisha nikahamia upande wa nyaraka kongwe, ndiko niliko mpaka leo. Nimemwahidi mpwa wangu kwamba nitamwandikia yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu, na nimeona niyaweke hapa ili na wengine waliopangiwa huko wayapate.

Tuanze na siku ya kawaida. Barua inaingia. Unaigonga mhuri wa kupokelea wenye tarehe, unaiandika kwenye rejista ya barua zinazoingia: imetoka wapi, kumbukumbu namba yake, inahusu nini. Halafu unajiuliza swali moja ambalo ndilo ujuzi wenyewe: barua hii ni ya jalada gani? Ukishalijua, unalitoa kwenye reki, unatoboa barua, unaipitisha kwenye tegi, ile kamba fupi inayoshika karatasi ndani ya jalada, unaipa namba ya folio, yaani namba ya nafasi yake humo, unaandika kwenye karatasi ya madokezo, ile ya maelezo ya ndani ya ofisi, kwamba folio namba fulani imeingia, imwendee afisa fulani. Kabla jalada halijatoka mlangoni unajaza kadi ya mwendo: limekwenda kwa nani, tarehe ngapi. Likirudi, unaifunga safari yake kwenye kadi hiyohiyo. Ukimaliza hiyo, barua ya pili inakusubiri.

Ukiitazama kwa nje inachosha, najua. Sasa nieleze kwa nini naiheshimu.

Mwaka wangu wa tatu alikuja mwalimu mstaafu. Alivaa koti la suti kwenye joto la saa saba mchana, mkononi ana mfuko wa nailoni wenye karatasi zilizokunjwa mara nne. Mafao yake yalikuwa yamekwama kwa sababu kwenye jalada lake binafsi haikuonekana barua ya kuthibitishwa kazini ya mwaka 1983. Alikuwa anakuja kwa mara ya tano. Mara zote nne alizotangulia aliambiwa "haipo, mzee", akapanda basi akarudi kijijini.

Nilifungua jalada lake nikaanza kuhesabu folio. Ya 9, ya 10, ya 11, halafu ya 13. Ya 12 haikuwepo. Nikarudi kwenye karatasi ya madokezo, na hapo, kwa mwandiko wa kulalia kushoto wa mtu ambaye sikuwahi kumwona, palikuwa pameandikwa kwamba folio 12, barua ya kuthibitishwa kazini, imewekwa na mhusika apewe nakala. Ina maana barua ilikuwepo. Kuna mtu aliipokea, akaipa namba na kuiandika.

Ilinichukua siku nne. Nilianza na majalada ya walimu wote wenye jina la kwanza kama lake, kisha waliofanana naye majina mawili. Siku ya nne nikafungua jalada la mwalimu mwingine wa tarafa nyingine kabisa, nikakuta kitu ambacho hakitakiwi kuwepo duniani: folio 12 mbili. Ya kwanza ilikuwa yake, na ya pili ilikuwa ya mzee wangu, imefunguka siku moja kutoka kwenye tegi bovu, ikaokotwa mezani na mtu mwenye haraka, ikarudishwa kwa jina badala ya kurudishwa kwa namba.

Mzee alipoishika aliisoma yote, taratibu, mpaka sahihi ya chini. Kisha akaniuliza kama anaweza kukaa kidogo.

Hilo ndilo ninalotaka mpwa wangu alielewe. Barua ile haikuibwa na mtu wala kuliwa na mchwa. Ilikuwa ndani ya chumba kilekile miaka yote hiyo, hatua kama sita kutoka mahali pake. Iliyopotea ni nafasi yake. Anayeajiriwa kutunza kumbukumbu anatunza mpangilio kwanza, karatasi zinafuata. Na mpangilio uko mikononi mwa mtu wa chini kabisa masjala, anayetoboa na kuandika namba, kwa sababu mkurugenzi hatoboi barua.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

#2 Mwombaji

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na huu ni mwaka wa pili naomba bila mafanikio. Naomba utueleze usaili unakuwaje na wanaangalia nini.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, pole na usichoke.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kada hii husema mwombaji awe amemaliza kidato cha nne au cha sita na awe na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu katika fani ya masjala, afya, mahakama au ardhi. Soma fani kwa makini. Masjala ya hospitali inapanga kwa namba ya mgonjwa, ya mahakama kwa namba ya shauri na mwaka, ya ardhi kwa kiwanja na kitalu. Umesoma fani ya ardhi halafu unaomba ya afya, basi jiandae kueleza.

Mara nyingi kuna mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Watu wengi wanaanguka kwenye mchujo kwa sababu wamekariri maana za maneno lakini hawajui kazi inavyotembea. Ukiulizwa "jalada limejaa, utafanya nini?", jibu la kazini ni kwamba unalifunga, unaandika juu yake tarehe ya kufungwa, unafungua juzuu linalofuata lenye namba ileile, na kwenye kila juzuu unaandika mahali lilipo lenzake. Usiseme "naanzisha jalada jipya", maana utakuwa umelikata shauri vipande viwili. Ukiulizwa utajuaje jalada liko wapi, taja kadi ya mwendo kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo lingine, soma sheria mwenyewe. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 si ndefu. Ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1965, na ndiyo inayoipa kazi Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi. Mtu aliyeisoma anajulikana kwenye chumba cha mahojiano ndani ya dakika mbili.

Na vyeti viwe vyenyewe. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi.

#4 Mdau wa mifumo

Mleta uzi umeandika vizuri, ila nakupinga kidogo. Haya mambo ya tegi na kadi yanakufa. Serikali imeingia kwenye ofisi mtandao, barua zinatembea kwenye mfumo, dokezo linaandikwa kwenye kompyuta. Kijana anayeajiriwa leo aambiwe ukweli kwamba baada ya miaka mitano hakuna reki. Ajifunze kompyuta, si kutoboa karatasi.

#5 Mleta uzi

Mkuu, kuhusu kompyuta tuko pamoja kabisa. Asiyeijua leo hana nafasi. Ila naomba tusikilizane kwenye mawili.

La kwanza, hiyo ofisi mtandao ukiitazama kwa ndani ina nini? Ina jalada, folio, dokezo, na mwendo wa jalada kutoka meza moja kwenda nyingine. Waliotengeneza hawakubuni kitu kipya, walichukua masjala wakaiingiza kwenye mashine. Anayeweka barua ya madai ya maji kwenye jalada la ununuzi wa madawati atafanya kosa hilohilo kwenye kompyuta, tena huko ni vigumu zaidi kulitambua kwa sababu hakuna rangi ya karatasi, hakuna unene, hakuna mwandiko wa kukushtua.

La pili, zile karatasi za kabla ya mfumo hazijaenda popote. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1990 akiwa na miaka 25 alifikisha 60 mwaka 2025. Barua yake ya kuajiriwa iko kwenye tegi. Nimeona ofisi iliyoskani majalada yake yote kwa furaha kubwa, kila picha ikapewa jina la namba iliyotoka kwenye mashine, kisha majalada yakarundikwa stoo. Leo ukitaka barua ya mtu unafungua picha moja baada ya nyingine mpaka macho yanauma. Kuskani bila orodha ni kulihamisha rundo tu. Lilikuwa sakafuni, sasa liko kwenye mashine.

Kwa hiyo kijana ajue vyote viwili, na aanze na kujua barua ni ya jalada gani.

#6 Mstaafu wa masjala

Vijana nawasalimu. Nimekaa masjala tangu enzi za mashine za taipu mpaka nilipostaafu. Mleta uzi amesema kweli, naongeza machache.

Usiseme kamwe mbele ya mwananchi "faili limepotea". Sema "halijaonekana", halafu ulitafute. Ukishatamka neno "limepotea", wewe mwenyewe unaacha kutafuta. Nimeyaona hayo kwa watu wazuri tu.

Kutafuta nako kuna utaratibu. Anza na kadi ya mwendo. Kama kadi inasema jalada liko kwa afisa fulani, nenda mezani kwake kwa miguu yako, usipige simu. Tazama chini ya meza, juu ya kabati, kwenye droo ya mtu aliyehama. Kama kadi inasema limerudi, tazama reki: kushoto na kulia kwa nafasi yake, kisha rafu ya juu na ya chini. Kisha zigeuze namba: 46 na 64, 19 na 91. Mkono uliochoka hugeuza namba.

Lingine ni mdomo. Wengine mtapelekwa masjala ya siri. Mtafanyiwa upekuzi, mtakula kiapo. Humo utajua nani anashtakiwa kinidhamu, nani amepandishwa cheo kabla mwenyewe hajajua. Mke wangu aliishi na mimi miaka yote ile bila kujua hata barua moja. Alikuwa ananiuliza mwanzoni, akaacha. Mwananchi akija kuuliza jalada lake, jibu lake linatoka kwa afisa utumishi, halitoki kwenye dirisha la masjala. Ukimhurumia mtu ukamwonyesha karatasi pembeni, siku hiyo umeivunja masjala nzima.

Mleta uzi, endelea, ila waeleze na habari ya kuchoma. Hapo ndipo vijana wanapoponzwa.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu, na nashukuru sana. Utaratibu huo wa kutafuta ningeujua mwaka ule, siku nne zingekuwa mbili.

Habari ya kuchoma ninayo yangu. Ofisi moja niliyofanya kazi ilikuwa inatarajia ugeni mkubwa. Bosi akapita kwenye chumba cha majalada kuukuu, akatazama magunia, akaniambia, "Choma hizi takataka kabla ya Alhamisi." Nilikuwa bado kwenye miezi 12 ya majaribio, sijathibitishwa kazini. Magoti yalilegea. Nikamwambia kwa heshima zote, "Sawa mkuu, naomba dokezo, agizo la maandishi." Akanitazama. Nikarudia kwamba nahitaji dokezo lenye orodha ya majalada yanayoteketezwa ili liingie kwenye rekodi. Hakuandika. Magunia yakahamishiwa chumba cha nyuma, ugeni ukaja ukaondoka, na baada ya miezi kadhaa tukayachambua. Ndani yake tulikuta mihtasari ya vikao vya vijiji tangu miaka ya 1970, ile ya kuhamia vijijini, na ramani za mkono za mipaka. Kuna vijiji viwili vilikuwa vinagombana kuhusu mto vimekuja kuziomba karatasi hizo mara tatu tangu hapo.

Sheria iko wazi. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuharibu kumbukumbu za umma kwa sababu chumba kimejaa. Kunatengenezwa ratiba inayosema aina hii ya jalada inakaa miaka mingapi, ikiisha inateketezwa au inapelekwa kuhifadhiwa daima. Kisha orodha, kisha idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka. Msaidizi mpya hana mamlaka ya kuchoma hata karatasi moja, na kukosa mamlaka hayo ndiko kunakomlinda. Ukiambiwa choma, omba dokezo. Hakuna haja ya kubishana.

Kwa wasiojua, jalada lina umri kama mtu. Likiwa linatumika kila siku liko masjala. Likifungwa na kuulizwa mara mojamoja, tunaliita kumbukumbu tuli, na hayo ndiyo yanayopelekwa kwenye vituo kama kile cha Taifa kilichoko Dodoma. Machache yenye thamani ya kudumu yanakuwa nyaraka, na kwa kawaida yanafunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 30. Kwa hiyo kila barua unayoitoboa leo, huijui hatima yake. Itoboe vizuri.

Sasa nihamie upande niliopo, maana kuna dada ameniuliza pembeni kama kuhifadhi nyaraka ni kufuta vumbi tu.

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipohamia ilikuwa kutoa pini. Basi. Wiki sita nilitoa pini, stepla na klipu kwenye makaratasi ya enzi za mkoloni Mwingereza. Pini ya chuma kwenye hewa yenye unyevu kama ya pwani inashika kutu, kutu inaingia kwenye karatasi, karatasi inakuwa na shimo la kahawia lenye umbo la pini. Ukiivuta kwa nguvu unaondoka na kona ya barua. Inabidi uingize kipande chembamba cha plastiki chini ya pini na kingine juu yake, uinyooshe miguu kwa nyuma, uitoe bila kuigusa karatasi yenyewe. Siku ya kwanza nilimaliza majalada mawili nikaona aibu. Msimamizi akayatazama, akasema yako safi, niendelee na mwendo huohuo.

Halafu unajifunza kanuni ambazo zinapingana na ulizozoea masjala. Masjala unaandika kwa kalamu ya wino, kwenye nyaraka kongwe ni penseli peke yake, na kalamu haiingii chumbani. Ukikuta karatasi imechanika usibandike gundi ya utepe, kwa sababu baada ya miaka inageuka njano na kuila karatasi. Kwa kuziba tunatumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Usipeleke kitu kikongwe kikawekwe nailoni ya moto ili "kidumu". Boksi la chini kabisa liinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu maji hayapigi hodi.

Na maji yalikuja. Masika moja bati lilihama usiku, asubuhi tukakuta maboksi yamelowa. Mtu wa kwanza aliyefika alikuwa ameshaanza kuyatoa nje ayaanike juani, kwa nia njema kabisa. Tulimzuia. Jua linaikunja karatasi na kufifisha wino. Karatasi iliyolowa inaanza kuota ukungu ndani ya saa 48 hivi, kwa hiyo una siku mbili za kufanya kazi kama mtu anayeuguza. Tulifungua madirisha, tukawasha feni zisizoelekezwa moja kwa moja, tukaweka karatasi nyeupe kavu katikati ya kurasa na kuzibadilisha kila zilipolowa. Zilizogandana hatukuzitenganisha kwa vidole, tulisubiri zianze kukauka pembeni. Mihuri ya zambarau ndiyo iliyotuumiza, wino wake ulikuwa umetembea ukurasa mzima. Maneno ya barua nyingi tuliyaokoa.

#8 Dada wa Unguja

Assalaam alaykum. Kaka umenigusa hapo kwenye maji. Na mimi nimepitia kazi hizi huku kwetu. Watu wa bara wengi hawajui kwamba Zanzibar tuna nyumba yetu ya nyaraka, iko Kilimani, na mkusanyo wetu wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003.

Naomba uwaambie vijana habari ya glavu. Kwenye televisheni kila mtu anaona glavu nyeupe za pamba. Mimi nilifundishwa kinyume chake. Kwa karatasi, osha mikono, kausha vizuri, usipake mafuta, shika kwa vidole vyako. Glavu ya pamba inakutoa hisia za vidole na inanasa kwenye kingo zilizochakaa. Glavu ni za kushikia picha. Kwenye ukungu vaa glavu za mpira na barakoa, hapo usibishane, kifua chako ndicho unachokilinda.

#9 Mleta uzi

Wa alaykum salaam dada yangu. Umesema kweli tupu, na hilo la mafuta ya mikono nalisisitiza kwa mpwa wangu, maana anapenda kujipaka.

Umeitaja UNESCO, nami niseme kidogo kuhusu yale tuliyonayo bara. Kumbukumbu za utawala wa Wajerumani zilizoko Dar es Salaam, Upanga, ziliingizwa kwenye orodha hiyohiyo mwaka 1997. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walifukia sehemu ya majalada yao ardhini, baadaye yakafukuliwa. Fikiria jalada lililolala udongoni. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo lazima ajifunze kuusoma.

Niliwahi kumletea boksi lake mtafiti mmoja, mzee wa Kusini, anayefuatilia ukoo wake kwenye vita vya Maji Maji. Hakujua Kijerumani. Alikaa na mkalimani siku nzima. Alichokuwa anatafuta ni jina moja, na alitaka kuona limeandikwaje, kwa herufi gani. Mimi kazi yangu siku hiyo ilikuwa kutafuta namba kwenye orodha, kulitoa boksi, kuhesabu kurasa kabla ya kumpa na kuzihesabu tena aliporudisha. Kuhesabu tu. Lakini kurasa zile ziko mezani leo kwa sababu kila mtu aliyewahi kuwa kwenye nafasi yangu alihesabu.

#10 Jirani kutoka Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Sisi hapa jumba letu la kumbukumbu za kitaifa liko Moi Avenue, katikati ya jiji, nyumba ambayo zamani ilikuwa benki. Nawasoma kwa makini.

Nataka tu kuongeza kwamba suala la mpangilio na orodha limewahi kubadilisha haki za watu. Wazee wa Mau Mau waliposhtaki serikali ya Uingereza, mwaka 2011 ilibainika kuna majalada yaliyoondolewa makoloni na kufichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Si ya Kenya pekee, ni ya makoloni 37. Mwaka 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,200. Majalada hayo sasa yako kwenye jumba la nyaraka za taifa la Uingereza, Kew, London, na nambari yake ni FCO 141. Hata ya Tanganyika na Zanzibar yamo. Mtu wa masjala anayeorodhesha kilichopo na kisichopo ndiye anayewezesha swali kama hilo kuulizwa.

#11 Mwombaji

Mleta uzi, swali la mwisho. Kuna kupanda? Au ndiyo nitazeekea dirishani?

#12 Mleta uzi

Kuna kupanda. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, matangazo mengi ya mwenye stashahada yameandikwa TGS C, ngazi ya mshahara wa serikali, na sitakudanganya kwamba utajenga mwaka wa kwanza. Ila ukithibitishwa kazini na utendaji wako ukionekana unapanda daraja, na ukiongeza shahada unaweza kuhamia kwenye cheo cha afisa. Chuo cha Utumishi wa Umma kina matawi mikoani, na Bagamoyo kuna Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka. Jiunge pia na TRAMPA, chama chetu cha watunza kumbukumbu. Kwenye mikutano yake utakutana na mtu wa mkoa mwingine aliyekwishatatua tatizo linalokusumbua wewe.

Kitu ambacho ni kigumu kweli, na nakwambia bila kuficha, ni kudharauliwa ofisini. Kuna maafisa watakurushia jalada mezani kama wanatupa kanzu chafu. Kuna siku utasahauliwa kwenye semina, kwenye chai, kwenye kila kitu, mpaka siku mkaguzi amefika na kila mtu anakimbilia dirishani kwako. Siku hiyo usilipize. Tazama kadi, toa jalada, jaza kadi, mpe.

Na kifua. Dai barakoa. Iandikie barua, iweke kwenye jalada, ipe folio.

#13 Mleta uzi

Wakuu, mrejesho kidogo. Mpwa wangu ameripoti kazini Jumatatu, na jana usiku kanitumia picha ya chumba chake. Reki tatu, kabati moja lisilofungika, na majalada yamelazwa juu ya majalada mpaka usawa wa dirisha. Mkuu wa masjala kamwambia "panga". Alitaka aanze kuyatoa yote nje ayapange kwa alfabeti.

Nimemwambia asihamishe kitu kwanza. Kulala kule kwa majalada, hata kama kunaonekana ni vurugu, kunaweza kuwa ndiko kunakoonyesha yalitoka idara gani na yalifuatana vipi. Achukue daftari na penseli, aandike kilichopo kama kilivyo, reki kwa reki, rafu kwa rafu, kutoka kushoto kwenda kulia: namba ya jalada, jina, juzuu, folio ya kwanza, folio ya mwisho, na folio zinazokosekana. Akimaliza ndipo aanze kugusa.

Leo saa kumi kanipigia tena. Ameanza na reki ya mlangoni. Jalada la kwanza lina folio 41, ya 17 haipo. Kaiandika, na kasoma madokezo akaona kwamba ni barua ya mwaka 1996 ya mtu wa afya. Ameniuliza, "Mjomba, hawa wa afya majalada yao yako reki gani?"

Nimemwambia amalize kwanza rafu aliyonayo.